Msikimbilie Maji

Wengi mmeniambia hamkuweza kufika kwenye mkutano wetu wa Jumapili: zamu za kazi, watoto, mmoja gari lilimgomea njiani. Nimeandika hapa nilivyosema, na pale nilipopotea njia nimeacha vivyo hivyo. Picha niliyoionyesha ukutani sikuiweka, kwa hiyo nimeongeza maneno mawili matatu ya kuieleza.

Mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba watatu mliojibanza kwenye mlango wa jiko: assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Naona wote mmeitika zote mbili. Vizuri, maana hadithi ya leo ina wenyewe pande zote mbili.

Mwenyekiti alinipa mada pana, "Sanaa na Imani". Mama mwenyekiti, unisamehe, nimeikata. Nitazungumzia picha moja. Picha moja tu, ya rangi za mafuta, ya mwaka 1835, ya Mfaransa aitwaye Camille Corot. Ni mwanamke na mwanawe nyikani. Wala haiko mbali. Iko hapo ng'ambo ya mto, New York, kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, tangu mwaka 1938. Wangapi mmeshaiona? Hakuna. Wangapi mnapita mlangoni pale mkienda kazini? Haya, shusheni mikono.

Mimi mwenyewe niliipita zaidi ya mara kumi nisiione. Mwaka wangu wa kwanza huku Marekani nilikuwa yaya. Nilimlea mtoto wa miaka minne, mkaidi, wa maswali, na siku za mvua tulikimbilia Metropolitan kwa sababu ndani kuna joto na hakuna anayekuuliza umekaa kwa nini. Tulikuwa tunakwenda kuangalia mavazi ya chuma ya vita, farasi na mapanga. Siku moja tukakata njia kupitia vyumba vya Wafaransa. Mtoto akasimama, akanyoosha kidole, akaniuliza: "Mbona mama yake hamwamshi?"

Nikatazama. Kijana amelala kwenye ardhi kavu, amelegea mwili mzima. Mama amepiga magoti kando yake, mkono ameuinua juu. Nikasogea kwenye kibao cha maelezo, nikasoma: Hagar. Nilikaa kidogo ndipo likanijia. Hajiri! Hajiri wa shule ya Jumapili. Bi Hajar wa bibi yangu!

Mimi kwetu Tanga, na watu wa Tanga mnajua nyumba zetu zilivyo. Mama alinipeleka kanisani. Bibi mzaa baba alikuwa Muislamu wa sala tano. Hadithi moja, ya mjakazi wa Ibrahimu aliyefukuzwa na mwanawe wakaishiwa maji nyikani, nikaisikia mara mbili, kwa mwalimu ikiitwa ya Hajiri na Ishmaeli, kwa bibi ikiitwa ya Bi Hajar na Nabii Ismail. Na wote wawili walinipeleka mbio. Mwalimu alikuwa na haraka ya kufika kisimani. Bibi alikuwa na haraka ya kufika Zamzam, yale maji ya Makka. Ikabidi mtoto wa kizungu, asiyejua kisima wala Zamzam, ndiye anisimamishe kabla ya maji.

Basi ombi langu la leo ni hilo tu. Msikimbilie maji.

Tuanze na ukubwa. Picha hii kwenda juu ni sentimita 180, kwenda upande ni 270. Sentimita hazina maana ukumbini, kwa hiyo chukueni kanga. Chukueni doti moja na nusu, vipande vitatu, mvitandaze sakafuni vigusane. Ni karibu sawasawa na picha yenyewe. Sasa niambieni, Hajiri kapewa kiasi gani? Hajiri na mwanawe wote wawili wangeenea kwenye kipande kimoja na nafasi ikabaki. Vipande viwili vizima ni mawe, vichaka, miti, vilima na anga. Malaika naye yumo, huko angani, lakini mdogo, wa kutafutwa. Mtoto wangu wa kulea hakumwona mpaka nilipomwonyesha, na alipomwona alisema ni ndege.

Kwa nini mtu akanunua kitambaa kikubwa namna hiyo akakijaza mawe? Kuna jibu la mjini. Paris ya wakati ule, mchoraji wa mandhari peke yake hakuhesabiwa kitu. Kila mara lilipofanyika onyesho kubwa la serikali, lile waliloliita Salon, waliopewa heshima ni wachoraji wa manabii, wafalme na miungu ya Wagiriki. Ukitaka miti yako iheshimiwe, weka mtu wa Biblia chini yake. Wapo wanaosema basi Hajiri ni kisingizio tu, tiketi ya kuingizia mawe ukumbini.

Mimi sikubali. Mwandishi mmoja, Charles Lenormant, aliiona mwaka huohuo wa 1835, akaandika kwamba mahali pale panakubana moyo hata kabla hujajua ni hadithi ya nani. Kabla hujajua! Ndivyo ilivyomkuta mtoto wa miaka minne. Nchi inaanza kusema, mama anafuata.

Nchi yenyewe Corot aliijulia wapi? Hakuijua. Hakukanyaga Beer-sheba, kwenye nyika aliyopotelea Hajiri, wala Misri alikotoka. Alizaliwa Paris mwaka 1796. Mama yake alikuwa na duka la kofia za wanawake, wateja wa kutosha, na wazazi walitaka kijana awe mfanyabiashara wa vitambaa. Alijaribu miaka kadhaa, hakufaa kitu. Mwishowe wakakubali kumpa faranga 1,500 kwa mwaka aende akachore. Akina mama wenye watoto wanaosomea sanaa, mmesikia? Faranga 1,500, kila mwaka, na mtoto ana miaka zaidi ya ishirini na tano.

Mwaka 1825 akaenda Italia, akakaa karibu miaka mitatu. Alikuwa akitoka na vipande vya karatasi na rangi zake, anakaa juu ya jiwe, anachora jiwe jingine. Mawe ya Civita Castellana, kaskazini ya Roma, aliyachora tena na tena mpaka unayatambua kama sura za watu. Aliporudi Ufaransa akawa anakwenda msitu wa Fontainebleau kuchora mialoni. Halafu akajifungia chumbani kwake akaviunganisha: jiwe la Italia, mwaloni wa Ufaransa, mwanamke wa Misri. Mchoro mdogo wa mialoni ile upo kwenye jumba lilelile la Metropolitan. Ukitoka kwenye mmoja ukaenda kwenye mwingine unakutana na mti uleule, kama mtu uliyemwacha harusini ukamkuta msibani.

Mnacheka. Mwaloni jangwani! Lakini Ibrahimu mwenyewe Biblia inamweka wapi? Penye mialoni ya Mamre. Kwa hiyo msimcheke sana.

Na nina la kusema juu ya neno "jangwa". Sisi tukisikia jangwa tunaona mchanga mtupu, ngamia na jua. Lakini kitabu cha Mwanzo kinasema maji ya kiribani yalipokwisha, Hajiri alimlaza mtoto chini ya kijiti. Kijiti kipo. Kivuli kipo, angalau cha kuficha uso wa mtoto. Kwa Kiswahili chetu hapo ni nyika. Mliopanda basi kutoka Tanga kwenda Arusha mnapajua: mkishaiacha Mombo, Mkomazi, Hedaru, Makanya, mpaka Same. Mkono wa kulia milima ya Upare imebeba mawingu. Mkono wa kushoto miiba na vumbi mpaka macho yanachoka. Miti ipo, majani yapo, mbuzi wapo. Ila ukiteremshwa pale na kiriba kimoja na mtoto mgongoni, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokusaidia, na mvua unaiona kwa macho ikinyesha mlimani kwa wengine. Mfaransa asiyeijua nyika amechora nyika. Kiu yenye miti inauma kuliko kiu ya mchanga.

Tena mti ule una majani mabichi. Mti wenye majani mabichi unakunywa wapi? ... Ngoja. Mimi mwenyewe naanza kuyakimbilia maji. Turudi.

Hajiri ni nani? Someni Mwanzo sura ya 16, halafu ya 21, mtafute kitu kimoja: Ibrahimu na Sara wanamwitaje? Nimetafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. "Mjakazi wangu." "Mjakazi wako." "Mjakazi huyu." Wanapanga alale na nani, wanapanga azae, wanapanga afukuzwe, na kwa midomo yao hawamtaji jina hata mara moja. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, alipokuwa ametoroka mara ya kwanza na mimba yake, akamkuta kwenye chemchemi ya njiani. Akamwita kwa jina, akamuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi. Na yeye, mjakazi, akajibu kwa kumpa Mungu jina: Mungu aonaye. Wangapi humu mmefanya kazi kwenye nyumba za watu mkaitwa "yule msichana"? Wangapi miaka mitatu, minne, na mwenye nyumba hajui jina la baba yako? Sitaki mnyooshe mikono kwa hili.

Mjakazi. Neno hili kwetu pwani halikukaa kwenye Biblia tu. Mwaka ambao Corot alipeleka picha yake kwenye Salon, Unguja na Pwani yote ilikuwa imejaa wajakazi, na mjakazi aliyewekwa ndani na bwana wake akamzalia alikuwa na jina lake, suria. Kwa sheria mtoto wake alikuwa huru, akirithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, watoto aliowaacha walikuwa wamezaliwa na masuria. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri ile. Ilibidi wangoje mpaka 1909. Kwa hiyo bibi yangu alipokuwa akitusimulia Bi Hajar barazani, wapo wazee waliokuwa wakisikiliza habari za mama zao, au bibi zao. Hakuna aliyesema. Nyumba zetu hizo habari hazisemwi.

Na Ufaransa je? Mwaka 1835 watumwa wa Kifaransa walikuwapo bado, Martinique, Guadeloupe na kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Uhuru wao ulikuja 1848. Na watu wa Bourbon wengine walitoka wapi? Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watu 1,000 kila mwaka. Sisemi Corot aliwaza Kilwa. Corot aliwaza mawe. Nasema tu kwamba waungwana waliosimama mbele ya picha ile wakimsikitikia mjakazi wa kale, mjakazi wa wakati wao alikuwa shambani akikata miwa.

Aliyelisema wazi si Corot. Ni Edmonia Lewis, mchongaji wa hapahapa Marekani, baba yake mtu mweusi, mama yake mwenye damu ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku. Alihamia Roma, na huko mwaka 1875 akamchonga Hajiri kwa marumaru. Leo yupo Washington, kwenye jumba la Smithsonian la sanaa za Marekani. Hajiri wake hakupiga magoti. Amesimama, kama aliye katikati ya hatua, mikono imefumbatwa, na miguuni mtungi umelala ubavu, mtupu. Lewis alisema ana huruma na kila mwanamke aliyehangaika na kuteseka. Jiwe ni jeupe pe, sawa, marumaru ndiyo yaliyokuwa fasheni, lakini ukijua mkono uliolichonga hulioni jeupe tena. Siku moja tutakodi basi twende. Mweka hazina, umesikia.

Sasa nifike pale pagumu. Biblia inasema Hajiri alipomlaza mtoto aliondoka. Aliondoka! Akaenda kukaa mbali, umbali wa mshale unapotupwa, kwa sababu hakutaka kumwona akifa. Bibi yangu yeye husimulia vingine: Bi Hajar hakukaa, alikimbia. Kilima cha Safa mpaka kilima cha Marwa, Marwa mpaka Safa, mara saba, akitafuta maji. Mliohiji mmezipita hizo hatua wenyewe, kilomita tatu na kitu ukizijumlisha. Bi mmoja aliyemo humu aliniambia miguu ilimvimba hata viatu vikakataa. Halafu akanichekesha: pale kwenye taa za kijani wanaume ndio wanaotakiwa wakazane mwendo, wanawake watembee tu. Aliyekimbia alikuwa mwanamke! Haya, mashehe mtatuambia wenyewe.

Kwa hiyo mmoja kakaa mbali, mmoja anakimbia. Corot hakufuata hata mmoja. Corot kamrudisha mama kando ya mtoto, karibu kiasi cha kumgusa. Mimi nimeisimamia picha ile siku nyingi, naipenda, lakini hapo naona mchoraji ameogopa. Ameona mkimwona mama yuko kule na mtoto huku mtauliza, mama gani huyu?

Hilo swali mimi nimewahi kulisikia. Kabla sijaja huku, mtoto wa dada yangu alipata malaria ikapanda kichwani. Miaka mitano. Usiku wa pili manesi walikuwa wanatafuta mshipa mkononi, hawaupati, wakahamia mguuni, hawaupati. Dada yangu alisimama, akatoka wodini bila kusema neno, akaenda kukaa chini ya mwembe ulio karibu na geti, mgongo ameipa wodi. Mimi ndiye niliyebaki nimeushika mguu wa mtoto. Na wanawake wenye wagonjwa vitanda vya jirani wakaanza: mama gani huyu? Mama gani anamwacha mtoto? Na mimi, nawaambia ukweli, nilimkasirikia. Nilimkasirikia mpaka kulipokucha. Kutoka mwembe ule mpaka dirisha la wodi ni kama hatua mia. Mshale unafika.

Miaka ikapita, nikasimama mbele ya picha na mtoto wa watu mkononi, akaniuliza mbona mama yake hamwamshi. Nilishindwa kumjibu. Nilimvuta tukaenda kuangalia farasi.

Jioni ile nikamsoma tena Hajiri, nikaona jambo ambalo mwalimu wetu alilipita mbio. Yule mama amekaa kule, analia kwa sauti. Lakini kitabu kinasema Mungu alisikia sauti ya nani? Ya kijana. Na ndilo jina lake, Ishmaeli, Mungu anasikia. Maana yake kijana alikuwa analia pia, chini ya kijiti, peke yake, na mama alikuwa anamsikia. Umbali wa mshale hautoshi kuzuia sauti. Dada yangu aliniambia baadaye, chini ya mwembe alisikia kila kitu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, kina mama. Hapo kabla ya malaika hajasema. Biblia inasema alifumbuliwa macho akaona kisima, kama kwamba kisima kilikuwepo siku zote. Bibi alisema Jibrili ndiye aliyepiga ardhi maji yakatoka, na Bi Hajar akayazungushia udongo kwa mikono yasikimbie. Sitawapatanisha leo, wala sina cheo hicho. Kwenye picha ya Corot hakuna lolote kati ya hayo mawili. Nimetafuta maji, sikuyaona. Kuna mkono wa mama uliopanda juu, kuna mwili wa mtoto, na kuna nchi, nchi, nchi, vipande viwili vizima vya kanga. Dakika ile mchoraji ameizuia isipite. Ina miaka karibu mia mbili haijapita. Anayeingia pale chumbani anakuta mama yule bado hajui.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa kwenye ngazi za nje za Metropolitan saa tano asubuhi. Anayetaka aje. Vaeni viatu vya kutembea, na wanaoleta watoto waje nao, wana macho kuliko sisi.

Naona Bi Mkubwa hapo mbele ananiuliza kwa macho, na mtoto wa dada yako je? Nilijua. Nimesema nusu saa nzima msikimbilie maji, na bado.

Haya. Yuko kidato cha pili. Nikimpigia dada simu saa nne na nusu usiku huku kwangu, kule ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mara nyingi hatuwezi kuzungumza vizuri, kwa sababu amesimama kwenye mlango wa chumba cha yule kijana anapiga kelele aamke, gari la shule litamwacha, na kijana hamki mpaka avutwe shuka.